Dada Yetu Muuguzi, Aliyemwonea Wivu Wifi Yake

Ndugu, jamaa na marafiki mliofika kumsindikiza dada yetu, haya mtakayoyasikia aliyaeleza mwenyewe katika wiki zake tatu za mwisho, akimwambia mdogo wake wa kiume, ambaye ndiye anayewasomea, na akasisitiza kwamba lisiondolewe neno hata moja kwa ajili ya kumpendezesha.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1962, katika chumba cha nyuma cha duka la baba yake, fundi cherehani, akiwa wa kwanza kati ya watoto wawili, na kwa miaka saba alikuwa peke yake, hadi mdogo wake alipozaliwa naye akaondolewa kwenye kitanda cha mama, akawa anauliza kila asubuhi huyo mgeni anaondoka lini.

Alisoma shule ya msingi kuanzia 1970 hadi 1976, sekondari ya wasichana hadi 1980, kisha akaingia chuo cha uuguzi Januari 1981 na kuhitimu Desemba 1983 akiwa wa kwanza darasani, si kwa sababu alikuwa na akili kuliko wenzake, alisema, bali kwa sababu chakula hakikumshuka akijua kuna aliyemzidi.

Aliajiriwa tarehe 6 Februari 1984 katika wodi ya watu wazima, akapewa uongozi wa wodi hiyo mwaka 1998, na sifa yake kubwa ilikuwa wagonjwa wa kisukari, kwani akipita tu kitandani aliweza kunusa pumzi yenye harufu ya tunda lililoiva sana, akaona mgonjwa anavyohema kwa kina na kulilia maji, akaagiza sukari ipimwe na daktari aitwe mara moja.

Tarehe 20 Agosti 1988 alifunga ndoa na dereva wa gari la wagonjwa, wakajaliwa binti mwaka 1990 na mwana mwaka 1993, na shemeji yetu huyo ni shahidi kwamba kila muuguzi aliyepanda gari lake alijadiliwa nyumbani kwa kirefu.

Mwaka 2006 mdogo wake alioa muuguzi, na Juni 2009 wifi huyo akahamishiwa wodi ileile, na hapo ndipo dada alipopata cha kumkosesha raha, maana madaktari walianza kusema, "Hebu muulizeni wifi," kama wodi nzima ilivyozoea kumwita, naye dada aliyekuwa akiulizwa miaka yote amesimama palepale.

Tarehe 3 Agosti 2011 mwashi mmoja aliletwa na wenzake, jasho linamtiririka, anatetemeka, maneno hayaeleweki, na marehemu akamtupia jicho akasema, "Huyu kalewa, mlazeni pale pombe imtoke," lakini wifi akamtoboa kidole, akakuta sukari imeshuka mno, kwa kuwa mwashi alikuwa amejidunga insulini akaenda kazini bila kula, wifi akamwekea glukosi kwenye mshipa, na baada ya dakika chache mwashi akaketi na kuuliza mwiko wake uko wapi, wodi nzima ikacheka, na dada akaingia stoo ya mashuka akalia kwa hasira.

Barua ya kumpongeza wifi ilipobandikwa ubaoni, marehemu aliibandua akaificha, akaanza kumpangia zamu za kila Jumapili, akajiambia kwamba ni ratiba tu.

Mwishoni mwa 2014 nguo zilianza kumpwaya ingawa alikula sahani mbili, mikono ilimtetemeka, alitoka jasho wenzake wakiwa na masweta, na siku moja chumbani mwa kubadilishia nguo wifi alimwambia taratibu, "Wifi, naomba upime tezi ya shingo, macho yako yametoka na shingo imejaa," naye akajibu, "Umemaliza wagonjwa wote, sasa umenifikia mimi?"

Alikiri kwamba jioni hiyohiyo alisimama mbele ya kioo, akameza maji, akauona uvimbe ukipanda na kushuka kooni, na akajua, kwani alikuwa amewafundisha wanafunzi dalili hizo kwa miaka mingi, lakini kwenda maabara kulimaanisha wifi kapatia tena, basi akakaa miezi kumi na minne bila kupima.

Tarehe 9 Februari 2016 alianguka akigawa dawa, wifi akamshika mkono, akahesabu mapigo mia moja na sitini yasiyo na mpangilio, na vipimo vikaonyesha tezi imezidisha kazi, akaanzishiwa vidonge, uzito ukarudi, mikono ikatulia, ila moyo ulikuwa umeshachoka.

Alipopona aliwakusanya wanafunzi, akairudisha barua mbele yao, akasema, "Mwashi yule nilimwona mlevi, na ugonjwa wangu niliujua nikaunyamazia, elimu ninayo, kilichonichelewesha ni wivu."

Alistaafu Machi 2022, moyo ukazidi kudhoofu, na alifariki tarehe 17 Novemba 2023, saa nne asubuhi, nyumbani kwake, wifi akiwa amemwegemeza kifuani ili apate kuhema.

Familia inawashukuru madaktari wa kliniki ya moyo, majirani waliopokezana kumbeba hadi kwenye gari, na wauguzi wenzake wote, lakini marehemu aliagiza wifi atajwe kivyake, akaongeza, "Mshukuruni, ila msimsifu kunizidi, siku hiyo ni yangu."

Wifi, kama dada alivyokuita, asante.

Dada, siku ni yako, hakuna anayekuzidi leo, pumzika kwa amani.