Mchezo Wetu Ulioishia Njiani Pale Dumila

Risala ya wanafunzi wa sanaa za maonyesho wanaosoma chuo kikuu huku wakifanya kazi, Kituo cha Mikumi, kwa Mkuu wa Idara, Dokta Ida. Agosti 1997.

Mgeni rasmi, Dokta Ida; Mheshimiwa Diwani; mwalimu mkuu uliyetuazima darasa hili; wenye nyumba za wageni mliotuletea viti; wazazi na ndugu zetu: karibuni.

Mmesikia kwamba hatukuanza na salamu. Tumekubaliana hivyo, wala si utovu wa adabu. Tunajua mzazi wetu Mzee Urbanus, pale mbele, ameshakunja uso. Avumilie, sababu inakuja.

Anayewasomea ni mwenzetu Shimba, karani wa josho la ng'ombe kule Dumila, mtoto wa wafugaji waliohamia kutoka Shinyanga. Ndiye mdogo kuliko sisi sote. Hakuomba kusoma, tumemlazimisha.

TULIKOTOKA

Mgeni rasmi, zamani kila mahali pa kazi palikuwa na kikundi chake cha utamaduni. Mwenzetu Melkizedek aliigiza miaka kumi na tisa katika kikundi cha shamba moja la mkonge upande wa Kilosa. Mageuzi ya uchumi yalipoingia, kazi zikaanza kupunguzwa, na wa kwanza kuitwa ofisini walikuwa watu wa ngoma na maigizo. Melkizedek anasema waliambiwa mkonge haukatwi kwa kuimba. Tangu hapo anauza vitunguu.

Chuo kilipotangaza mwaka 1994 kwamba mtu anaweza kusomea maigizo bila kuacha kazi yake, tulijiandikisha wanane. Wengine wetu ni walimu, mmoja ni mpishi wa nyumba ya wageni, na Casmir anakata miwa Ruhembe. Tunakutana kila Jumamosi, na mhadhiri anatujia kila baada ya miezi mitatu. Hapo katikati tunajisomea wenyewe.

Hatukusifiwa kwa uamuzi huo. Bi Fausta, mwalimu wa darasa la tatu na mwenyekiti wetu, mume wake alimuuliza mbele ya wageni: "Yaani mama mzima unakwenda chuo kikuu kusomea kulia?" Bi Fausta akamjibu: "Kulia nakujua tangu nimeolewa. Nakwenda kusomea kunyamaza." Tangu siku ile shemeji yetu anamsindikiza mazoezini, na kiti cha mbele ni chake.

TULIYOYAFANYA

Tumefaulu mitihani yote ya kuandika, ingawa kitabu cha michezo tulikuwa nacho kimoja kwa watu wanane. Kilisafiri kwa makondakta wa mabasi, Mikumi hadi Dumila na kurudi, kila mtu siku sita. Kilirudi na mafuta ya maandazi, lakini kilirudi.

Tumetunga mchezo wetu wenyewe, unaitwa *Shamba Halina Mlango*. Hapa, mgeni rasmi, tunaomba usikilize vizuri, maana ndipo lilipo jambo lililotuleta mbele yako.

Mchezo ni huu. Ng'ombe wa kijana mfugaji wameingia kwenye mahindi ya mzee mkulima. Mzee amemshika ng'ombe mmoja. Kijana anakuja nyumbani kwa mzee na hasira zake, anapita mbele yake, anasimama uani, hamwamkii. Anadai ng'ombe wake tu. Mchezo mzima, dakika arobaini na tano, kijana hatoi shikamoo. Anaitoa mwishoni kabisa, naye mzee akiitikia, ng'ombe anafunguliwa. Tuliona tumepata kitu. Mhadhiri naye alisema tumepata kitu.

Mkulima alikuwa Melkizedek. Mfugaji alikuwa Shimba.

Mtihani wetu wa jukwaani ulifanyika mwezi wa tano pale Dumila, siku ya gulio, kwa sababu swali lilisema tupeleke mchezo kwa watu unaowahusu. Watu walijaa. Wakulima walikaa huku, wafugaji wakasimama kule na fimbo zao, na mtahini akawekewa meza katikati.

Shimba akaingia. Akampita Melkizedek kama anapita kisiki. Watu wakaguna. Akasema, "Nataka ng'ombe wangu." Wakaguna zaidi. Dakika ya nane akanyanyuka Mzee Simoni, mkulima wa pale pale, mtu wa kanisani, akaja hadi kwenye mstari tuliochora kwa chokaa.

"Wewe kijana! Humwoni mzee aliyekaa hapo?"

Shimba akaendelea na maneno yake.

"Nasema na wewe! Nyumbani kwenu mnalala na nani, na ng'ombe?"

Upande wa wafugaji nako mama mmoja akapaza sauti: "Mwamkie, mwanangu! Unatutia aibu sisi sote!"

Mgeni rasmi, sisi tuliokuwa nyuma ya pazia tulimwona Shimba anakatiza maneno yake katikati. Alitueleza baadaye: "Kesho napita pale na ng'ombe wa baba. Hawatasema yule jana alikuwa anaigiza. Watasema ndivyo walivyo." Akageuka, akapiga goti moja, akamwambia Melkizedek, "Shikamoo, baba." Na Melkizedek, aliyeigiza miaka kumi na tisa, bila kufikiri kitu, akajibu, "Marahaba, mwanangu. Karibu."

Basi. Mchezo ukawa umekwisha. Ugomvi hakuna tena, tutagombania nini? Casmir, aliyekuwa amevaa ngozi, yeye ndiye ng'ombe, alisubiri kidogo, kisha akajifungua mwenyewe akaondoka. Watu walicheka mpaka wakashikana mabega. Halafu Mzee Simoni akavuka ule mstari wa chokaa, yule mama naye akavuka, wakaanza kusemezana kuhusu njia ya ng'ombe kwenda mtoni. Wengine wakaingia. Walizungumza hadi gulio likafungwa, na sisi tumekaa chini tunasikiliza, na maleba yetu mwilini. Njia ile leo ina vigingi. Ukipita Dumila utaviona.

YANAYOTUSUMBUA

Mtahini aliandika hivi: "Dakika kumi na moja badala ya arobaini na tano. Mchezo haukukamilika." Wote wanane tukapata sifuri. Kwa kanuni yetu sisi tunaosoma huku tukifanya kazi, mtihani wa jukwaani ni mara moja tu. Ukianguka, safari yako ya chuo imeishia hapo, miaka mitatu yote.

Hatumlaumu mtahini. Saa yake ilikuwa sahihi. Ila mwaka wa kwanza tulifundishwa kwamba mtazamaji ana haki ya kuingia mchezoni. Tuliandika kwenye madaftari yetu na kupigia mstari. Hatukufundishwa tufanye nini akishaingia.

Na kosa letu tunalikiri. Tulifanya mazoezi miezi minne ndani ya nyumba ya wageni anakopika mwenzetu, tukiangaliwa na madereva wa malori waliokuja kuuliza vyumba na mume wa Bi Fausta. Hata siku moja hatukumleta mzee mmoja atuangalie. Mtu aliyelelewa huku, akakaa akaandika dakika arobaini na tano bila shikamoo, akategemea watu wa Dumila watulie! Kalamu ilitulevya.

Mengine yapo, kama taa, vitabu na nauli. Hayo tumeyazoea, hatutakuchosha nayo.

OMBI

(Hapa msomaji afungue bahasha aliyopewa na Bi Fausta asubuhi, asome kilichomo.)

Shimba, usishtuke, na usiruke mstari. Ukurasa huu tumeuandika saba, wewe ukiwa joshoni.

Humo ndani kuna bahasha ndogo. Mwandiko unaujua, ni wako. Ni barua uliyomwandikia mgeni rasmi mwezi wa sita, kwamba kosa ni lako peke yako, wewe uondolewe chuoni na wenzako wapewe alama zao. Ulimsomea Bi Fausta, ukaifunga, ukampa aipeleke posta Kilosa. Hakuipeleka. Bi Fausta hajawahi kuzuia kitu cha mtu maishani mwake, na kwa hili haombi msamaha. Barua ni mali yako. Ukitaka kumkabidhi mgeni rasmi, huyo hapo mbele yako. Ila ujue na sisi saba tumeandika za kwetu, ziko mfukoni mwa Melkizedek, na zitafuata ya kwako.

Mgeni rasmi, ombi letu ni moja. Mtahini arudi Dumila siku ya gulio, tuucheze tena mbele ya watu wale wale. Mzee Simoni akinyanyuka, safari hii tumemwekea kiti ndani ya mchezo. Kama kanuni haikubali, basi sifuri ile ni yetu sote. Alama za watu saba hatuzitaki. Tunampenda mtoto huyu, na tunasema hadharani ili asikie.

Mwisho, ile salamu. Mama yetu, umekaa hapa muda wote huu mbele ya kijana wa umri wa mwanao, na hajakuamkia. Kama moyoni umejiuliza huyu amelelewa wapi, basi ulikuwa pamoja nasi Dumila, na umejua kwa nini alishindwa kuendelea.

Mwenyezi Mungu akuvushe salama barabara ya mbugani, akukute na afya siku tutakapoitana tena, nasi atujalie tuwe bado wanafunzi wako.

Shimba, haya yaliyobaki si ya kuigiza. Yaseme, kisha nyamaza usubiri jibu lako.

Mgeni rasmi, shikamoo.

Ni sisi,
Wanafunzi wa Sanaa za Maonyesho, Kituo cha Mikumi.
Wanane.