Jovitus Rwegoshora na Mageti Yasiyoshika Kutu

Marehemu Jovitus Rwegoshora alizaliwa Nyakasimbi tarehe 14 Machi 1968, mtoto wa kwanza wa Mzee Cassian. Wa pili ni Elipidius, aliyeandika wasifu huu na anayeusoma. Huyo alikua akivaa mashati ambayo Jovitus alikwisha kuyachosha.

Jovitus alimaliza darasa la saba mwaka 1983, akiwa wa kwanza. Elipidius alimaliza mwaka 1986, na hakuna aliyeuliza alikuwa wa ngapi.

Tarehe 2 Julai 1994 marehemu alifunga ndoa na Mackrine Kokuhirwa. Elipidius ndiye aliyemwona kwanza, mnadani, lakini hayo tuyaache.

Mwaka 1991 marehemu alifungua karakana ya kuchomelea Kihanga. Baadaye Elipidius akafungua yake Nkwenda, kule Kyerwa. Mageti ya Nkwenda yalishika kutu baada ya masika moja tu. Ya Kihanga yalidumu, na watu wa Nkwenda walimpita Elipidius mlangoni wakienda kwa kaka yake. Wivu ulimtafuna, kwa nini afiche? Kila mtu alijua kwamba Jovitus huchemsha makapi ya kahawa kwa ajili ya mageti yake. Basi mwaka 2009 Elipidius naye akachemsha pipa zima, akalipaka geti la kanisa la kigango kama rangi. Siku ya kipaimara lilikuwa limeshika kutu lote, likachafua magauni meupe ya watoto. Jovitus alikuja, akalitazama, akasema, "Umejitahidi, mdogo wangu." Elipidius hakumsemesha miaka miwili.

Februari 2025 marehemu alianza kuugua kifua. Wiki ya mwisho Elipidius alikwenda hospitalini, akauliza.

"Shikamoo kaka. Hivi yale makapi unayatumiaje?"

Jovitus alicheka hadi akakohoa. "Hayapakwi. Unayachemsha, unachuja, maji yake unayachanganya na maji makali ya betri unapoondoa kutu, kabla ya kupaka rangi. Kutu inaliwa, chuma kinabaki. Privatus, fundi wa Rugu, aliniuliza, nikamwambia. Fundi Niyomugabo naye aliniuliza, nikamwambia. Wewe nimekungoja miaka thelathini."

Alifariki Jumanne, tarehe 9 Septemba 2025.

Ameacha mjane, watoto wanne, wajukuu sita na mdogo mmoja. Msalaba huu wa chuma umetengenezwa na Elipidius kwa maelekezo hayo, na hautashika kutu. Wapita njia watasema, "Hiyo ni kazi ya Jovitus," na roho itamuuma Elipidius kama kawaida. Safari hii hatabisha.

Apumzike kwa amani, kaka pekee ambaye Elipidius alikuwa naye.