Dada Aliingia Mashineni Kwanza

Bwana apewe sifa, ndugu zangu. Asiyetaka kuitikia na akae tu, simlaumu. Mimi mwenyewe nilikaa kiti kile cha nyuma, karibu na mlango, muda mrefu bila kuitikia. Niliamini kwamba mkisema "Amina" mnanicheka.

Naitwa Mutheu. Wengi mnamjua dada yangu mkubwa, Mwikali, yule wa kwaya. Wazazi wako Machakos, sisi tunakaa mtaa wa Jamhuri, hapa Nairobi. Nilikuwa nauza vitambaa kwenye duka la mama mmoja Mhindi kule Westlands, na kazi niliipenda. Kisha nikaanza kusikia sauti. Zilikuwa mbili, mwanamume na mwanamke, zikinisema kana kwamba sipo: sasa anakunja kitambaa, sasa anajifanya hajui. Wateja wakinyamaza, nilijua wamesikia. Yule mama akiniuliza kama nimekula, nilijua ananichunguza. Nikaacha kazi bila kuaga.

Ndugu zangu, shuku haishibi! Nilimshuku jirani, nikamshuku mchungaji, mwishowe nikamshuku dada. Niliamini anasoma mawazo yangu na kuyapeleka kwa majirani, tena ananitilia kitu kwenye chai. Nikawa nakula mayai ya kuchemsha tu, maana ganda likiwa zima hakuna aliyetia mkono. Dada alipolia chumbani, nilijua analia ili nimsikie.

Mliniombea, na Mungu awabariki. Lakini kuna aliyeninong'oneza kwamba nimerogwa na mtu wa nyumbani mwangu. Neno hilo lilikuwa petroli kwenye moto. Kesho yake nilitembea hadi Dagoretti, nikaingia zizi la ng'ombe wanaosubiri kuchinjwa, nikaketi katikati yao. Wao hawakuwa wakinisema. Dada alinitafuta mpaka akanipata, wanaume wa machinjio wakinivuta nitoke. Aliwaomba waniache, akaketi kando yangu kwenye kinyesi na sketi yake ya kazini. Hakunigombeza. Tulikaa mpaka nikasimama mwenyewe.

Hospitalini aliponipeleka waliuita ugonjwa wangu skizofrenia, wakanipa dawa. Nilizificha chini ya ulimi, nikazitema. Baadaye daktari akatueleza kuhusu utafiti. Walikuwa wanapiga kwa mashine kubwa picha za ubongo wa vijana wenye ugonjwa kama wangu, na wa vijana wasio nao, waone jinsi ubongo mzima unavyofanya kazi. Alisema wazi kwamba picha haitaniponya, na kwamba nikikataa nitaendelea kutibiwa vilevile. Nikazidi kushuku. Mtu asiyekulazimisha, nilijiambia, ndiye wa kuogopa. Hii ndiyo mashine yenyewe wanayonisomea mawazo.

Dada hakubishana nami. Alimuuliza daktari kama wanachukua pia ndugu wa wagonjwa, akaambiwa ndiyo. Basi akanigeukia.

"Wacha niingie mimi kwanza," akasema. "Kama ni kusoma, wasome yangu, na wewe ukae hapo uangalie."

Akavua hereni na saa, akalala, wakamsukuma ndani. Mashine ikaanza kugonga kama fundi wa mabati. Nilikuwa nyuma ya kioo na mtaalamu wa ile mashine, kijana mtulivu. Ubongo wa dada ukatokea kwenye skrini, mweusi na mweupe, kama koliflawa iliyokatwa katikati. Nikainama nitafute jina langu humo. Nikamuuliza yule kijana dada anafikiria nini juu yangu.

"Sijui," akasema. "Hii inaonyesha damu inavyoenda, na sehemu zipi za ubongo zinafanya kazi pamoja. Mawazo haiyaoni. Ukitaka kujua, itabidi umuulize mwenyewe."

Ndugu zangu, hapo Bwana alinifungulia mlango, tena kidogo tu. Kama chombo kile kinachojaza chumba hakiwezi kusikia wazo moja, jirani angelisikiaje kupitia ukuta? Shuku haikuondoka, lakini ilipata ufa. Dada alipotoka, shavu lina alama ya kifaa walichomvika kichwani, nikamuuliza alikuwa anafikiria nini.

"Nilikuwa nasikia baridi," akasema. "Na nilikuwa naomba nisikute umeondoka."

Nikavua viatu, nikaingia na mimi. Jioni hiyo nilimeza dawa mbele yake, nikafungua mdomo aone.

Sitawadanganya. Picha zetu zilienda kuunganishwa na za vijana wengine, na hakuna aliyeniletea karatasi ya kusema nimepona. Dawa nameza kila siku. Sauti bado huja, hasa nikichoka. Huenda hata sasa yuko mmoja hapa anayedhani nimetumwa kumsema yeye. Ndugu yangu, sikutumwa. Maombi hayagombani na hospitali. Tafuta mtu mmoja tu, umuulize lile unaloliogopa, kisha usikimbie jibu.

Jana nilikuwa napika nikasikia mtu ananitaja. Nikamuuliza dada kama amesema kitu. Akajibu, "Hapana."

Nikamwamini, nikaendelea kukoroga ugali. Namshukuru Mungu kwa hilo, na ninyi nishukurieni pamoja nami.