Kufuli la Ikutha na Faili Safi ya Bi. Syokau

Baada ya miaka thelathini na minne kazini, Bi. Syokau Kitonga anastaafu tarehe 30 Juni. Aliajiriwa kama mpiga taipu, wakati teknolojia yote ya ofisi ilikuwa mashine moja isiyo na herufi R. Anaondoka akiwa msimamizi wa msaada wa serikali kwa kampuni za teknolojia, Kitui na Makueni.

Vijana wenye laptopu walimwogopa kuliko mtihani. Wakishamaliza kuonyesha slaidi zao, aliwauliza swali moja tu: muuza ndengu wa soko la Mbumbuni atapata nini hapo? Wengi waliomba maji. Kwake, serikali ikisaidia kampuni, uchumi lazima uonekane ukikua sokoni.

Nilitaka kuishia kwenye sifa. Lakini wuui, jamani, ya mwezi jana bado yamenikaa kooni!

Alichukua likizo ya siku moja, Jumanne, akaenda mnada wa mifugo Ikutha kununua mbuzi wa sherehe hii yetu ya kumuaga. Akamshika mbuzi mgongo, kama tunavyofanya sisi Wakamba tangu zamani, aanze kukisia bei. Muuzaji, mama mmoja anayeitwa Nzisa, akamcheka na kumwambia hapo hawakisii tena. Mbuzi akapandishwa kwenye mizani, na papo hapo kilo zikaingia kwenye simu ya Bi. Syokau, chini yake jina la kampuni iliyotengeneza mizani hiyo. Alivyolisoma jina, akakaa chini kwenye vumbi.

Kampuni hiyo iliomba msaada, nasi tukaifuta kwenye orodha yetu mara mbili. Tuliandika kwamba haipo.

Gari la ofisi tunapewa Jumanne peke yake, siku ileile ya mnada. Mara zote mbili tulikuta karakana yake ya Ikutha imefungwa kufuli, tukachungulia dirishani, tukaandika ripoti, tukanywa chai, tukarudi. Kumbe mwenye kampuni, Abdijabar Salat, alikuwa mnadani hatua chache kutoka hapo, anapima mbuzi! Hatukufika kwa sababu hatukutaka kuchafua viatu. Haki ya Mungu, naona aibu kuyaandika haya.

Nzisa alimweleza kwamba tangu mizani ije madalali hawampunji, na ameezeka nyumba. Wachinjaji wanakuja kutoka hadi mji wa Salama, na hoteli tatu zimefunguliwa kando ya mnada. Haya yote yalikua bila mkono wetu, huku kampuni tuliyoipa msaada kule Salama ina viti vya ngozi na haijawahi kupata mteja. Ukistaajabu ya Musa utaona ya Firauni: Abdijabar alikuwa amepanga kuiuza mizani yake mwisho wa mwezi. Hana vipuri, na kila anakokwenda kuomba mkopo anaambiwa serikali imesema hayupo.

Orodha ilikuwa imeshafungwa. Kuifungua kulihitaji ofisa akiri kosa kwa maandishi, na barua hiyo iwekwe kwenye faili yake. Bi. Syokau alikuwa hajawahi kupata hata onyo dogo. Tulimsihi amwachie jambo hilo atakayekuja baada yake. Alituuliza kama mbuzi wa Nzisa nao watasubiri, akaketi, akaandika kwa mkono wake kwamba alikosea.

Abdijabar amerudishwa kwenye orodha. Mizani haiuzwi, na ya pili inaundwa.

Kinachonishtua mpaka leo ni hiki. Kila ripoti iliyosema kampuni haipo ilikuwa na sahihi mbili. Barua ya kukiri kosa ina moja. Sahihi ya pili ilikuwa yangu, na Bi. Syokau hakunitaja popote. Jana nimepeleka barua yangu, iwekwe kwenye faili yangu.

Asante, mama. Kapumzike, ufuge, ule matunda ya jasho lako, na Mungu akuongezee siku. Na ukipita ofisini Jumanne ukute kufuli mlangoni, usiandike kwamba hatupo. Njoo mnadani.

Ndeti, mwenzako wa meza ya pili