Vigingi Kumi na Kimoja vya Cucu Ciakuthii

Mgeni rasmi, chifu wetu, wahandisi, viongozi wa dini, na nyinyi majirani mliokuja kuhakikisha kama ni kweli stima inawashwa kwetu leo: hamjambo.

KARIBU

Sisi wakazi wa Kathuri, upande wa Kiambere, tunakukaribisha kwa mikono miwili. Tumechinja, tumepika muthokoi wa mahindi na maharagwe, na tumefagia hata njia ambayo hutapita. Furaha yetu leo ni ya mtu aliyetua mzigo, kwa hiyo tukicheka ovyo utuvumilie.

TULIKOTOKA

Bwawa liko hapo chini. Miaka mingi umeme wake umepita juu ya vichwa vyetu ukienda mijini, nasi huku chini akina mama wakijifungua kwa mwanga wa tochi ya simu. Ukame ulipokuja na maji ya bwawa yakashuka, waliokuwa na stima nao wakaonja giza letu. Ndipo Serikali ikatangaza mpango wa nuklia, umeme usiongoja mvua, pamoja na laini mpya za kuusafirisha, na kituo cha kupunguza nguvu ya umeme hapa kwetu.

Tangazo hilo halikutufikia. Kilichotufikia ni vigingi.

Asubuhi moja Cucu Ciakuthii, yaani bibi yetu Ciakuthii, mjane wa miaka sabini na minane, alivikuta shambani mwake katikati ya ndengu, vimepakwa rangi nyekundu. Alivijua. Alipokuwa mama wa watoto watatu aliviona nyumbani kwake kwa kwanza, na baadaye maji ya bwawa yakaifunika nyumba hiyo.

"Hizi vijiti nazijua," alisema akijifunga leso kiunoni. "Zikikuja, watu wanaenda. Mimi sihami tena."

Aling'oa kumi na kimoja kabla ya chai ya saa nne, na viwili akafungia mbuzi.

Mgeni rasmi, tunakiri: tulimshangilia. Sisi tuliosoma tulimwongezea hofu, tukamwambia kwamba majivu ya nuklia, yaani taka zake zenye sumu, yanaletwa kuzikwa kwenye miamba yetu. Lakini wapimaji waliovipigilia vigingi hivyo walipofunga vifaa vyao na kusema kituo kitapelekwa kwingine, tulimnyooshea kidole yeye peke yake. Miezi minne hakuna aliyekwenda kumjulia hali. Mwiba wa kujidunga hauambiwi pole, na huo tulijidunga wote.

TULIYOFANIKISHA

Aliyetutoa aibu ni mmoja wa wapimaji hao, Mhandisi Leylo Abdijabar, binti wa kutoka mji wa Maua. Alirudi peke yake, akaketi jikoni kwa Cucu, akanywa uji, akaeleza pole pole. Mtambo wa nuklia haujajengwa bado, na ukijengwa hautakuwa hapa. Hapa ni nguzo na nyaya tu.

"Cucu, nyumba yako haiguswi. Nguzo zitapita kule kwa mawe."

"Na ukinidanganya?"

"Utazing'oa tena. Mimi mwenyewe nitakushikia mbuzi."

Cucu akacheka, mara ya kwanza tangu tumsuse. Kisha akampeleka shambani. Kila shimo alilong'oa kigingi alikuwa ameliwekea jiwe la alama, kwa sababu, alisema, kitu cha wenyewe hakipotezwi. Vigingi vyote vilirudi mikononi mwa mhandisi siku hiyo hiyo, na laini ikasogezwa hadi kule kwa mawe, kando ya boma lake, kama alivyoahidiwa.

Leo nguzo zimesimama, kituo kimekamilika, nyaya zimefika zahanati, na nyumba ya Cucu iko palepale. Hatuna maneno ya kueleza jinsi tulivyoshusha pumzi.

CHANGAMOTO NA MAOMBI

Nyumba arobaini bado hazina nyaya, tunaomba zisisahauliwe. Vijana wetu wafundishwe kazi ya mitambo hiyo, wasiishie kuchimba mashimo ya nguzo. Siku ya nuklia ikifika, tuambiwe majivu yake yatawekwa wapi, na tuambiwe kwa lugha tunayoijua. Na popote mtakapopima tena, mtu atangulie, kigingi kifuate.

Ombi la mwisho ni la haraka. Utaona kiti kimoja hapa mbele kimebaki wazi. Ni cha Cucu. Tulikwenda wote kumwomba radhi. Alitusamehe, lakini kuja alikataa.

"Ahadi nimesikia mingi nikikaa kwa viti," alisema. "Hii nitangojea kwangu."

Tangu asubuhi ameketi nyumbani kwake chini ya balbu mpya ambayo haijawaka, akiitazama. Kwa hiyo, mgeni rasmi, kwa heshima zote, hotuba yako tutaisikiliza, hata ikiwa ndefu namna gani. Tunakusihi ubonyeze swichi kwanza.

Mungu akuzidishie afya, awafikishe wageni wetu wote makwao salama, na aibariki kazi ya mikono yenu.

Ni sisi,
Wakazi wa Kathuri, Kiambere

Imesomwa kwa niaba yao na Mwalimu Ndwiga