Kona ya Mtaa wa Lemke

Mheshimiwa Meya wetu, Bi. Haverkamp, Padri Zielonka, waheshimiwa wahandisi wa jimbo, nanyi majirani zangu wa Port Sable mliosimama juani: nawasalimu nyote.

Asubuhi hii vibao vya kijani vya jimbo vimeng'olewa, na tawi letu la biashara, kile kipande cha barabara kinacholeta wasafiri madukani, maili tatu tu kutoka barabara kuu, kupita kiwanda cha rangi na kukatiza reli hadi gati la feri, limekabidhiwa kwa mji. Ninyi vijana mnaona lami yenye viraka. Sisi tunaona malori ya mbao, madereva wa Detroit wakipanga foleni kununua pączki, maandazi ya jemu ya mama yangu, na Jumamosi ambazo hukupata pa kuegesha gari.

Je, hamjawahi kujiuliza kwa nini barabara iliyonyooka hivi inajipinda ghafla penye Mtaa wa Lemke? Miaka sitini madereva wanailaani kona ile. Leo nasema ukweli.

Mwaka 1963 barabara kuu ilitupita nje ya mji, maduka yakaanza kufa, jimbo likaahidi kutuletea tawi. Tulishangilia, mpaka mhandisi kijana, Bwana Orville Tiedeman, alipopigilia vigingi katikati ya mtaa wetu. Nyumba kumi na tisa zingevunjwa, yetu ikiwamo, pamoja na tanuri letu la mikate. Tuliandika barua, hazikujibiwa. Basi Jumapili moja baada ya misa, mchana kweupe, mama yangu Ludwika na wenzake, wakiwa na kofia zao za kanisani, waling'oa vigingi wakavihamishia kwenye uwanja mtupu wa reli. Nilikuwa na miaka tisa; niliona kwa macho yangu.

Jumatatu Tiedeman akaingia dukani kwetu, akaitazama mikono ya mama iliyochubuka.

"Mama Rzepka, vigingi vyangu vimetembea?"

"Ardhi ya huku laini, mwanangu. Kula kwanza."

"Unajua naweza kufukuzwa kazi?"

"Najua. Na mimi nafukuzwa nyumbani."

Alikula maandazi mawili. Kisha akakunjua ramani juu ya kaunta, akafuta mstari, akachora kona.

Hakufukuzwa. Alipelekwa kaskazini kabisa kukagua makalavati, miaka kumi na minane, huku wenzake wakipanda vyeo. Hakututaja hata mara moja. Alipostaafu alikuja kututembelea, kichwa cheupe, na mama akamuuliza kama alijuta.

"Barabara zilizonyooka nimejenga nyingi, Ludwika," akasema. "Hakuna hata moja inayonikaribisha kula."

Wote wawili wameshatutoka. Lakini binti yake, Bi. Corinne, ameketi pale mbele. Corinne, simama tukuone. Zile nyumba kumi na tisa zingalipo, na watoto wanazaliwa humo. Baba yako hatukuwahi kumshukuru mbele za watu, maana kumshukuru kungekuwa kumshtaki. Leo hakuna wa kumwadhibu.

Asante, Bwana Tiedeman.

Nanyi nyote mlionipa masikio yenu, nawashukuru sana.