Vita Bila Sous-titre

Benchi la Mama Nasra, pale Kabondo, ni la watu watatu, na kila Jumapili linakaliwa na watano. Misa ikiisha, wenyewe hukusanyika hapo kunywa kahawa ya tangawizi na kuihukumu dunia. Jumapili hii dunia ilikuwa filamu. Jana mchana Mama Prudence, yule mfanyabiashara wa Butembo anayeuza mchele na sukari kwa jumla, alifungua sinema ndani ya depo yake ya zamani: ukuta mzima umepakwa chokaa, projecteur mpya, baffle nne za kutoa sauti, ndefu kuliko mtu, na filamu ya vita ya lugha ambayo hakuna aliyeijua. Tena hakutaka msemaji. Hapo ndipo penye kidonda, maana msemaji wa filamu wa mtaa huu ni Elisée, na Elisée bila micro yake ya kusemea, ndugu zangu, ni samaki ndani ya kikapu. Miaka kumi na mitano amesimama kando ya televisheni ndogo, akieleza kwa Kiswahili, na Lingala kidogo, nani anampenda nani na nani atakufa, hata watu wakamwita Sous-titre, kama yale maandishi ya tafsiri chini ya picha. Leo saa kumi filamu inarudiwa. Mama Prudence amekaa mwisho wa benchi. Amesema atasikiliza watu, kisha ataamua kama micro irudi au isirudi. Elisée amevaa shati la kupigwa pasi. Kahawa yake hajaigusa.

Wa kwanza kufungua kinywa alikuwa Ruphin, fundi wa quado anayeziba matundu ya magurudumu ng'ambo ya barabara. Hajawahi kuvaa gwanda hata siku moja, lakini jina lake ni Général.

— Miye nasema wazi, Sous-titre, usikasirike. Jana njo nilisikia filamu kwa mara ya kwanza. Zile baffle! Debe tupu haliachi kuvuma!

— Hiyo ni matusi, alisema Elisée.

— Ni sifa! Ile char ya vita, kifaru kizima, ilitoka kwa ukuta, nikaisikia mpaka ndani ya meno.

— Tulikuona, alidakia Kataliko, muuza misumari na rangi, ambaye kila jambo lazima alipime, kwa hiyo anaitwa Mètre. Char ilikuja, wewe ulikuwa chini ya kiti.

— Nilikuwa natafuta sandale!

— Kwa tumbo?

Benchi zima likaangua kicheko. Mama Prudence naye akatabasamu, na Elisée aliliona tabasamu lile.

— Kwa televisheni, alisema, ile char ingekuwa kidogo kama kiberiti. Sawa. Lakini mungejua inaenda wapi. Nani angewaambia?

— Wewe, bien sûr, alijibu Général. Lakini mwenye macho haambiwi tazama.

Methali za Général kwa kawaida huanguka mbali na mahali pake. Safari hii, kwa bahati mbaya, alikuwa amepatia.

— Tena muziki njo inasema yote, alisema Mètre. Nimepima. Ngoma ikipigwa, watu mingi watakufa. Violon, ile fidla, ikilia, atakufa mumoja, mwenye sura nzuri. Trompette, hakuna mutu anakufa, lakini mukubwa fulani atavaa kofia.

— Na piano? aliuliza Mama Nasra, huku akimimina.

— Piano ni mwanamuke anasoma barua.

— Haki ya Mungu, ni kweli! alisema Mama Prudence.

Sasa Général alikuwa amesimama, kikombe hewani.

— Na munafikiri ile muziki inatoka wapi? Kwa studio? Apana! Inchi kubwa, jeshi yake inatembea na orchestre. Wako nyuma, ndani ya camion ya jeshi, na costume, na cravate shingoni. Mukubwa anasema: pigeni! Ndiyo sababu vita za filamu zinaisha kwa saa mbili. Wapiga violon wanachoka mikono.

— Na vita yetu ya hapa, ya mwaka elfu mbili? aliuliza Mètre.

— Yetu ilienda siku sita kwa sababu orchestre haikuwa. Nani angewaambia wale watu kama mwisho imefika?

Walicheka mpaka Mama Nasra akaweka birika chini. Walicheka wao wenyewe, watu waliolala siku zile sita chini ya vitanda na watoto wao.

— Kweli kabisa, alisema Mètre akijifuta macho. Violon ingekuwa, ningejua bombe ni ya jirani ao ni yangu.

— Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, alisema Général, na hakuna aliyejisumbua kumuuliza guu hilo limetokea wapi.

— Et puis, ule muzee wa filamu! Mètre aliendelea. Muzee mbele ya nyumba ya kuungua. Violon ikaanza polepole, polepole... Mama Prudence, si ulilia?

— Nililia mpaka kitambaa ikalowa.

— Na Général?

— Machozi ya général ni siri ya jeshi.

— Munaona? Hakuna mutu alisema hata neno moja, na tulilia sisi wote. Sous-titre angesema, tungekosa ile kitu.

Elisée alitazama kikombe chake. Hasira ilimpanda, kisha aibu, kwa sababu yeye pia alilia, amesimama nyuma kabisa karibu na mlango. Na alijua wazi kwamba angekuwa na micro, angeongea juu ya ile violon tangu mwanzo wake hadi mwisho.

Mama Prudence akaweka kikombe chini.

— Bon. Nafikiri nimesikia.

Elisée akafumba macho.

— Pardon, ba tonton.

Aliyesema alikuwa mama mmoja aliyengoja zamu yake ya kahawa, beseni mikononi: Delphine, wa Yanonge, aliyefika Ijumaa kwa mto na samaki wa moshi wa dada yake.

— Na miye nilikuwa ndani jana. Nililia sana, nikarudi pale ninalala bado nalia. Naomba tu munielezee: ule muzee alikuwa analilia nani?

— Mutoto wake, alisema Mètre mara moja.

— Mutoto gani? Wewe ulimuona mutoto? Ni bibi yake, ule alimuoa! alisema Général.

— Miye nilifikiri analilia nyumba, alisema Mama Prudence.

— Mutu hawezi kulilia nyumba vile, alisema Général.

— Kama stock yote iko ndani? Atalia!

— Ngojeni, violon ilikuwa moja ao mbili? Mètre alianza kuhesabu vidole, akafika kimoja, akaacha.

Mmoja mmoja wakageuka kumtazama Elisée.

Elisée alikijua kinachotakiwa. Lugha ya kigeni hakujua hata moja, tuseme ukweli, na nusu ya waliokufa katika filamu zake walikufa kwa sababu yeye alisema wamekufa. Neno lilikuwa limekwisha kumfikia ulimini. Akamtazama Delphine, na mama wa watu alikuwa anangoja kwa kweli, beseni amelikumbatia.

— Sijue, mama.

Général alijipiga paja kwa kicheko.

— Miaka kumi na tano! Sous-titre hajue!

Mama Prudence hakucheka.

— Rudilia.

— Sijue. Miye pia nililia, lakini sijue.

— Tangu asubuhi hapa kila mutu anajua kila kitu, alisema Mama Prudence, akatoa funguo kwenye mkoba. Naenda kuwasha groupe ya umeme sasa hii. Utaangalia filamu yote mbele ya saa kumi, na pale pa muzee urudilie mara zote unataka. Mafuta ni yangu. Saa kumi, micro ni yako. Lakini violon ikianza, ufunge kinywa.

— Na kama nimeangalia na sijue bado?

— Utawaambia haujue.

Furaha ilimjaa Elisée hata hakujua mikono aiweke wapi. Akaipeleka kwenye beseni la Delphine, akampokea.

— Mama, twende wote. Ukae karibu na miye.

— Na miye nakuja, alisema Général. Kwa sababu ya usalama.

Mètre alikwisha kuvuka barabara, kikombe mkononi.

— Vikombe vyangu! alipiga kelele Mama Nasra. Nyinyi! Vikombe vyangu!

Hakuna aliyegeuka. Groupe ilikuwa imeanza kunguruma kule depo. Mama Nasra alisonya, akafunika birika, akafunga vizuri mtandio wake, akawafuata. Jana hakuwa na nafasi ya kwenda, na sasa naye alitaka kujua yule mzee alikuwa anamlilia nani.